Datsun 240Z: gari lililoshuka kutoka juu ya mawe

Fundi aliyezoea magari ya zamani, akiitwa kukagua Datsun 240Z, haanzi na injini. Anatoa sumaku ndogo mfukoni, anaizungushia kitambaa isije ikakwaruza rangi, kisha anaipitisha taratibu ubavuni, pale nyuma ya mlango karibu na tairi la nyuma. Ikinata, kuna bati. Ikidondoka, bati lilishaliwa na kutu siku nyingi, na kilichobaki ni pati iliyopakwa na kupigwa msasa na mtu aliyetaka kuuza haraka. Baada ya hapo anafungua boneti na kukitazama kikalio cha betri, maana maji makali ya betri yamedondoka hapo kwa miaka 50 na kula chuma kilicho chini yake. Akishainua zulia na kuigonga sakafu kwa bisibisi, anajua gari hilo litamgharimu mwenyewe kiasi gani. Injini hata hajaigusa.

Kwetu gari la namna hiyo tunasema liko juu ya mawe. Matairi yameshahamia kwenye gari jingine, taa moja imeazimwa haikurudi, majani yameota hadi kwenye bampa, na mwenyewe akiulizwa anajibu kwamba atalitengeneza Mungu akijalia. Datsun 240Z imekaa juu ya mawe karibu kila nchi ilikouzwa, Marekani kuliko kwingine kokote. Leo inasakwa kwa bei za kutisha. Ninachotaka kueleza ni jinsi ilivyotoka kule, kwa sababu naona wanaosimulia habari zake siku hizi wanawasahau watu waliofanya kazi kubwa.

Gari hili lilitangazwa Japani Oktoba 1969. Nyumbani liliitwa Fairlady Z, jina lililotokana na mchezo wa jukwaani wa My Fair Lady. Yutaka Katayama, aliyeongoza huko Marekani biashara ya Nissan, watengenezaji wa Datsun, aliona kwamba jina hilo halitauza gari la kasi kwa Wamarekani. Beji zikabanduliwa, zikawekwa nyingine zilizoandikwa 240Z, yaani injini ya lita 2.4. Walichokitoa wachoraji chini ya Yoshihiko Matsuo kilikuwa gari la viti 2, boneti ndefu, mgongo unaoteremka taratibu hadi nyuma, na chini ya boneti silinda 6 za mstari mmoja zikilishwa na kabureta 2. Nguvu zilikuwa za farasi 151 kwa hesabu ya wakati ule. Bei ilikuwa dola 3,526. Magari ya Ulaya ya sura na kasi kama hiyo yaliuzwa kwa bei ambayo mwalimu wa shule au fundi bomba hakuthubutu hata kuiulizia. Hii aliithubutu, na foleni za wanunuzi zikawa ndefu hadi wauzaji wakaongeza bei juu ya ile ya kiwanda.

Bei hiyo ndogo ilileta umaarufu, na baadaye ikaleta mauti. Lakini kabla ya mauti kulikuwa na Safari.

Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye yakawa yanafanyika wakati wa Pasaka, na kila mkazi wa Afrika Mashariki anajua Pasaka maana yake ni masika. Barabara iliyokuwa vumbi asubuhi ilikuwa bahari ya tope jeusi jioni. Nissan walikuwa wameshajifunza hapa kwa magari yao madogo, na mwaka 1970 Edgar Herrmann, Mjerumani mkazi wa Kenya, alishinda akiwa na Hans Schüller kwenye Datsun 1600 SSS. Mwaka uliofuata wawili hao walipewa 240Z: nyekundu, boneti nyeusi isiyong'aa ili jua lisimpige dereva machoni, taa za ziada mbele, kinga ya chuma chini ya injini. Namba ubavuni ilikuwa 11. Wakashinda tena, na nafasi ya pili ikaenda kwa 240Z nyingine, ya Shekhar Mehta.

Mehta alizaliwa Uganda mwaka 1945, katika familia ya wenye mashamba. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia, familia yake ilikimbilia Kenya. Pasaka ya 1973 alirudi kwenye Safari na 240Z, msomaji wake wa ramani akiwa Lofty Drews, na mwisho wa mashindano yeye na Harry Källström wa Uswidi, ambaye naye aliendesha Datsun, walikuwa na pointi za adhabu sawasawa. Baada ya maelfu ya kilomita za mawe na tope, hapakuwa na tofauti ya pointi hata moja. Kanuni ikatumika: ushindi kwa yule aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kuangukiwa na adhabu ya kwanza. Alikuwa Mehta. Alikuja kushinda tena mara 4 mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982, kwa Datsun za aina nyingine.

Sasa turudi kwenye kutu.

Gari la bei nafuu hutengenezwa kwa unafuu. Bati la 240Z lilikuwa jembamba, rangi ya msingi haikufika kwenye pembe zote za ndani, na mahali pengi bati mbili zilipandana bila tundu la kutolea maji. Mvua iliyopenya chini ya kioo cha mbele ilisafiri ndani kwa ndani, ikatua nyuma ya milango na kukaa huko. Sakafu ilifunikwa kwa tabaka la lami la kuzuia kelele, nalo likawa blanketi la unyevu. Katika majimbo ya kaskazini ya Marekani, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, magari yalitoboka yakiwa bado na umri mdogo. Mpira wa mlango wa nyuma ukichoka, moshi wa ekzosi ulivutwa ndani na kumlevya dereva.

Kisha zikaja sheria za moshi. Mwaka 1973 kiwanda kiliweka kabureta mpya zilizokusudiwa kupunguza uchafu, na zikawa mateso matupu: injini ikipata joto inakohoa, inazima, haitaki kuwaka. Ukitazama kwa makini, hapa ndipo historia ya kulibadilisha gari hili ilipoanza kwa watu wa kawaida. Wenye magari ya 1973 walikwenda kwenye makaburi ya magari, wakang'oa kabureta za mviringo za miaka ya nyuma, wakazifunga kwenye magari yao. Hawakutafuta mbio. Walitaka gari liwake asubuhi.

Waliofuata walitaka mbio. Peter Brock, huko California, alikuwa ameshaonyesha njia. Timu yake ya BRE, John Morton akiwa dereva, ilichukua ubingwa wa daraja lake Marekani mwaka 1970 na 1971, na vipande vilivyobuniwa kwa ajili ya mashindano vikauzwa kwa yeyote mwenye 240Z uani kwake. Kadiri magari yalivyozeeka na bei kushuka, ndivyo spana zilivyozidi kupata ujasiri. Nissan walipoikuza injini ileile hadi lita 2.8 kwa ajili ya gari la baadaye, 280Z, watu waligundua kwamba inaingia mahali pa ile ndogo bila kukata chuma. Gia boksi ya gia 5 ikafuata. Wengine waliweka kabureta 3 za Weber au Mikuni, wengine turbo, na wengine wakasukumiza humo injini ya Chevrolet yenye silinda 8. Japani kwenyewe, mwaka 1990, Michiharu Kusunoki alianza kuchora hadithi ya katuni ya Wangan Midnight, ambayo mhusika wake mkuu ni kijana aliyekuta gari la aina hii kwenye uwanja wa vyuma chakavu. Kizazi kizima cha vijana wa Kijapani kikaanza kuchungulia nyuma ya mabanda.

Wapenzi wa uhalisi huwalaani watu hawa. Wana hoja, maana magari mengi mazima yalikatwa madigadi ya mbele, yakapasuliwa dashibodi, yakapakwa rangi za ajabu. Nami naumia nikiona tundu la spika lililotobolewa kwa msumeno kwenye mlango wa mwaka 1970. Lakini tujiulize, miaka ya 1980 nani mwingine alilitaka gari hili? Mwenye akili za biashara hakuweza kutumia fedha kunyoosha bodi ya gari ambalo likishakamilika halirudishi hata nusu ya gharama. Aliyelinunua alikuwa kijana mwenye mshahara mdogo, aliyelipenda, na alilipia sakafu mpya ili tu injini yake kubwa isidondoke barabarani. Kwa sababu yake pakawa na soko la sakafu, la reli za chini, la mipira ya milango. Watengenezaji wa spea waliendelea kufungua milango yao asubuhi kwa ajili ya wateja wa namna hiyo. Leo tajiri anayetaka gari lake liwe kama lilivyotoka kiwandani ananunua bati kutoka kwenye soko lililojengwa na wale wakataji.

Kiwanda chenyewe kilichelewa kuliona hilo. Mwaka 1996 Nissan waliacha kuuza magari ya Z Marekani, na ili jina lisife wakaja na mpango usio wa kawaida: wanunue 240Z kuukuu, wazipeleke kwa mafundi waliochaguliwa, zifumuliwe na kujengwa upya, kisha ziuzwe kupitia mawakala wao kwa karibu dola 25,000, zikiwa na dhamana. Magari yaliyokamilika hayakufika 50. Kila moja lilikula saa nyingi mno na fedha nyingi mno. Hata hivyo, mwaka 2002 Z mpya ilirudi sokoni.

Yeyote aliyewahi kusimama kando ya kazi hii anajua saa hizo zinakwenda wapi. 240Z haina chesesi ya kujitegemea, bodi yenyewe ndiyo mifupa. Ukikata sakafu iliyooza bila kwanza kuchomelea vyuma vya kushikilia milango, gari linajikunja kidogo, pengine milimita 4 tu, na baada ya hapo mlango haufungi hata uufanyeje. Kwa hiyo fundi mwangalifu hupima uwazi wa mlango kabla ya kukata, anauandika kwa chaki kwenye bati, anakata upande mmoja, anachomelea, anapima tena, ndipo anahamia upande wa pili. Kutu haikatwi ilipoishia kuonekana. Inafuatwa hadi bati linapong'aa jeupe, na mara nyingi linapong'aa ni mbali sana na ulipodhani. Kosa la wengi ni kuanza na injini kwa sababu injini inatia raha: inawaka, inanguruma, majirani wanakuja kuangalia. Miaka miwili baadaye injini nzuri imekaa ndani ya ganda linalooza, na fedha zimekwisha.

Mafundi bodi wa Gerezani, Dar es Salaam, na wa Grogan, Nairobi, wangeielewa kazi hii bila kufundishwa. Kipande kisichopatikana wao hukitengeneza: karatasi gumu huwa kipimo, bati hukatwa, nyundo na kigogo cha mti hufanya mengine. Tatizo la huku kwetu ni magari yenyewe. Kenya kwa kawaida hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka 8, kwa hiyo 240Z haiji kama zinavyokuja gari nyingine kutoka Japani. Ndiyo maana nafurahi kila yanapofanyika mashindano ya magari ya kale ya East African Safari Classic, yaliyoanza mwaka 2003, na kuona 240Z zikirudi kwenye vumbi lililozipa jina. Zimebadilishwa, bila shaka. Zilizoshinda hapa miaka ya 1970 nazo zilikuwa zimebadilishwa.

Januari 2020, 240Z moja iliuzwa Marekani kwenye mnada wa mtandaoni kwa dola 310,000. Bei hiyo imeyatoa mengi juu ya mawe, na nina hofu imeyafungia mengine ndani ya mabanda yenye viyoyozi, ambako hayatanguruma tena.

Namba 11 ya Herrmann imepona hatari hiyo. Nissan walikuwa wamelihifadhi gari lenyewe, na mwaka 2013 wafanyakazi wao wa kituo cha ufundi cha Atsugi, ambao nje ya kazi zao za kila siku wana klabu ya kufufua magari ya zamani ya kampuni, walilifanyia kazi hadi likatembea tena.

Katika ufufuaji wowote wa 240Z yenye kabureta zake za asili, kazi ya mwisho haihitaji kompyuta. Kila kabureta inalisha silinda 3, na zote mbili lazima zivute hewa sawasawa. Fundi huchukua kipande cha mpira, ncha moja anaiweka sikioni, nyingine mdomoni mwa kabureta ya mbele. Anasikiliza mluzi. Anahamia ya nyuma, anasikiliza, anakaza skrubu robo mzunguko, anarudi ya mbele. Injini inatetemeka kidogo, inatulia, inatetemeka. Anakaza tena nusu ya robo. Anaendelea hivyo, mbele na nyuma, sikio likiwa kwenye mpira, hadi miluzi miwili inapokuwa mmoja.