Utani wa Uluguru na Matusi Yasiyo na Mwenyewe: Habari za Dakawa

Kabla simu haijafika katika nchi hii, Waluguru wa milimani na wa mabondeni walikuwa na sheria ya matusi, nayo ilikuwa sheria kamili, yenye haki, mipaka na faradhi, ingawa haikuandikwa mahali popote. Sheria hiyo ni utani. Kila ukoo wa Kiluguru, ambao nasaba yake hufuatwa kwa upande wa mama, ulikuwa na koo nyingine zilizokuwa watani wake, na mtu wa koo hizo alikuwa na ruhusa ya kumwambia mtani wake maneno ambayo, kama yangetoka katika kinywa kingine, yangeleta uhasama wa vizazi. Aliweza kumkashifu hadharani, kulicheka umbo lake na ubahili wake, hata kumpokonya kitu mkononi, na aliyetaniwa hakuwa na haki ya kukasirika, maana ghadhabu ndiyo iliyohesabiwa kuwa aibu.

Asidhani mtu kwamba desturi hiyo ilikuwa mchezo mtupu. Mtani aliyekutukana sokoni ndiye aliyekuzika. Msiba ulipotokea watani walifika mapema, wakashika majembe, wakachimba kaburi, wakasimamia shughuli ambazo wafiwa hawakuziweza kwa uzito wa majonzi. Kisha, katikati ya kilio, mmoja wao huvaa nguo ya marehemu, huiga mwendo wake na kikohozi chake, hudai deni ambalo halikuwapo kamwe, hujilaza njiani akakataa maiti isipite mpaka apewe chochote, na mjane ambaye tangu usiku hakuonja hata maji hujikuta ametabasamu pasipo kutaka. James Christensen, Mmarekani aliyeandika juu ya utani wa Waluguru mwaka 1963, aliziweka pamoja katika maelezo yake pande zote mbili za desturi hiyo, uhuru wa ulimi na wajibu wa mkono, na kwa rai yangu alipatia. Tusi la mtani lilikuwa na mwenyewe, lilikuwa na mashahidi, na lilikuwa na dhamana iliyolipwa kwa jasho.

Utani ulivuka mipaka ya koo ukaingia kati ya makabila. Misafara ya pwani na bara, ambayo iliwapitisha Wanyamwezi katika nchi hizi, na baadaye reli iliyofika Morogoro mwaka 1907, na mashamba ya mkonge yaliyokusanya vibarua wa kila upande, viliwakutanisha watu ambao jana yao ilikuwa vita au ugeni. Nao, badala ya kuishi kwa kushukiana, walitaniana, na kwa kutaniana wakapata haki ya kuomba chakula, malazi na maziko kwa mtu wasiyemjua hata jina.

Dakawa, iliyo karibu na mto Wami katika barabara ya kutoka Morogoro kwenda Dodoma, na ambayo leo imo katika wilaya ya Mvomero, ni mahali pa wageni wa namna hiyo: wakulima wa mpunga waliovutwa na maji ya Wami, wafugaji, wafanyabiashara wa njiani, walimu na wanafunzi. Lakini wageni wake mashuhuri kuliko wote walitoka Afrika ya Kusini. Baada ya maasi ya Soweto ya 1976 vijana wengi waliikimbia nchi yao, na Tanzania ikawapa wapigania uhuru wa ANC ardhi ya Mazimbu, ambapo palijengwa chuo kilichopewa mwaka 1979 jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili mwaka huo. Na Mazimbu ilipoelekea kujaa, mwaka 1982 wakapewa Dakawa nayo, wakajenga nyumba, karakana na mahali pa kuwapokea wanafunzi wapya. Wengi wao waliishi kwa majina ya bandia, kwa sababu majasusi wa serikali ya kikaburu hawakuwa mbali na jamaa zao walibaki nyuma mikononi mwa adui. Jina la bandia lilikuwa sitara ya mnyonge mbele ya dhalimu. Nalitaja jambo hili kwa makusudi, kwa kuwa wako wanaosema siku hizi kwamba kuficha jina ni uovu wenyewe, na historia ya Dakawa inawakanusha.

Dakawa imeonja pia nguvu ya uvumi. Tarehe 12 Aprili 1984 Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alifariki hapo kwa ajali ya gari, akisafiri kutoka Dodoma kwenda Dar es Salaam, na maneno yaliyosemwa juu ya kifo kile yalitembea kwa midomo, kutoka basi hadi basi na kilabu hadi kilabu, mengine hata leo hayajatulia. Hata hivyo uvumi wa midomo ulikuwa na mwendo wa binadamu: ulichoka, ulibadilika, na aliyeuleta alikuwa na uso.

Mwezi Julai 1992 wakimbizi wale wa Afrika ya Kusini walikabidhi majengo yao kwa Serikali ya Tanzania, na majengo yaliyokuwa makimbilio yakaendelea kusikia kengele za shule. Miaka michache tu baadaye simu za mkononi zilianza kuenea nchini, na mwaka 2009 waya wa kwanza wa chini ya bahari ulipofika Dar es Salaam intaneti ikaanza kuwa jambo la watu wengi. Shule zetu zimekataza wanafunzi kuwa na simu, na katazo hilo lina maana yake; lakini likizo haina katazo, wala simu ya kaka haina, wala ile iliyofichwa ndani ya godoro la bweni.

Tuchukue mfano wa jambo linaloweza kutokea katika shule yoyote. Msichana wa kidato cha pili anapigwa picha akifua, kanga imelegea begani, naye hana habari. Usiku picha inapelekwa katika kundi la wanafunzi kwa namba isiyojulikana, chini yake pameandikwa jina la mnyama, na hata kabla ya alfajiri watu ambao hawajapata kusema naye wamekwisha kuisambaza katika makundi mengine. Asubuhi anapoingia darasani kicheko kinazimika ghafla. Akiuliza, anajibiwa: ni utani tu. Hapo ndipo ninapotaka kusimama, kwa kuwa neno hilo ni dhuluma ya pili juu ya ile ya kwanza. Je, aliyeandika atamchimbia kaburi mzee wake? Atamlaza akifika kwao usiku? Ametaniwa naye jana, hata leo awe na haki ya kujibu? Alichokitwaa katika urithi wa wazee ni ruhusa peke yake, na deni amelitupa.

Dola imejibu kwa sheria. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, katika kifungu chake cha 23, inamkataza mtu kupeleka ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumtia mwingine simanzi ya moyo, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Ni vema kuwa nayo. Lakini mkosaji tunayemsema aghalabu ana miaka 15, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hairuhusu mtoto ahukumiwe kwenda gerezani, nami naona ni insafu. Wala baba mkulima wa mpunga hana milioni 5. Basi mwalimu mwenye sheria kali mkononi hujikuta ana viboko na kufukuza shule, na vyote viwili humwondoa mkosaji mbele ya macho ya yule aliyemkosea pasipo kumlipa chochote.

Yapo yanayowezekana. Aliyetukanwa aihifadhi picha ya ujumbe pamoja na tarehe na namba kabla haujafutwa, kwa kuwa pasipo ithibati hata dawati la jinsia na watoto la polisi halina pa kuanzia. Ampelekee mtu mzima anayemwamini, mlezi wa bweni au shangazi, au apige namba 116, ambayo ni simu ya bure ya kuwasaidia watoto. Wala asilaumiwe kwa kuwa na simu, maana mtoto anayeogopa kuchapwa kwa ajili ya simu hatasema kamwe aliyotendwa kwayo, na watesi wake wanalijua hilo kuliko walimu. Na mkosaji akijulikana, adhabu yake ifuate njia ya watani: aitwe pamoja na mzazi wake, akiri kwa jina lake katika kundi lile lile alimoandika, awataje aliowapelekea ili nao wafute, kisha apewe kazi ya kumfaa aliyemkosea kwa muhula mzima, kwa namna atakayoiridhia mwenyewe aliyekosewa, na asipoiridhia asilazimishwe kuonana naye. Wazee wanaojua utani ungali na faradhi gani wapo bado Mvomero na milimani, na bodi za shule zinaweza kuwaita waje kuwaeleza wanafunzi, kabla ya likizo ya Desemba, wakati simu zinaporudi mikononi.