Tishu unganishi na moyo wa mwanamichezo

Tishu unganishi ndiyo inayoshikilia mwili: imo kwenye ngozi, kano, gegedu, mifupa na kuta za mishipa ya damu. Jina limetokana na kitenzi kuunganisha, nalo ni sahihi, ila linataja nusu tu ya kazi. Tishu hii pia hunyumbuka. Aota, mshipa mkuu utokao moyoni, hutanuka kila moyo unapopiga, kisha hurudi.

Kwa mwenye ugonjwa wa Marfan, jeni ya protini iitwayo fibrilini ina kasoro, na ukuta wa aota hulegea na kupanuka taratibu. Ugonjwa huu humpata takriban mtu 1 kati ya 5,000, na mzazi aliye nao ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kumrithisha kila mtoto. Wengi wenye ugonjwa huu ni warefu, wana mikono mirefu na vidole vyembamba. Mgonjwa akikunja dole gumba ndani ya ngumi, ncha yake mara nyingi huchomoza upande wa pili.

Umbo hilo makocha hulipenda. Flo Hyman, nyota wa voliboli wa Marekani aliyeshinda medali ya fedha ya Olimpiki mwaka 1984, alianguka na kufa katikati ya mechi huko Matsue, Japani, Januari 1986. Alikuwa na miaka 31. Uchunguzi wa maiti ndio uliofichua kwamba alikuwa na Marfan na kwamba aota yake ilichanika.

Naliita tukio hilo mchaniko wa aota, si mpasuko. Tabaka la ndani huchanika kwanza, damu ikapenya kati ya matabaka na kuyatenganisha. Kupasuka kwenyewe huweza kufuata baadaye.

Je, mgonjwa asifanye mazoezi kabisa? Hapana, na kumkataza yote ni kumwonea, kwa kuwa moyo wake nao unahitaji kazi. Hatari kubwa imo katika mazoezi ya kukaza: kunyanyua vyuma vizito huku umebana pumzi, shinikizo la damu likapanda ghafla. Michezo ya kugongana na ya ushindani mkali nayo humweka hatarini. Kutembea, kuogelea polepole au kuendesha baiskeli kwenye tambarare, kwa kasi inayomruhusu kuzungumza, kwa kawaida humfaa, baada ya daktari kuipima aota kwa ekokadiografia, yaani kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti.

Kocha, ukimwona kijana wa umbo hilo, hasa ambaye katika ukoo wake mtu amekufa ghafla, mpeleke akapimwe moyo kabla hujampa jezi.