Habari za Karanga na Funzo la Nachingwea

Katika mazao tuyalimayo huku kwetu, tangu Lionja mpaka Ruangwa, ni machache yenye historia kubwa kama karanga. Mmea huu mdogo ndio ulioleta reli na bandari katika nchi ya kusini, nao ndio uliowatia hasara watu wenye mashine na fedha nyingi. Basi yafaa tuijue habari yake.

Asili ya karanga si Afrika. Kwao ni Amerika ya Kusini, na Wareno ndio walioileta katika bara letu karne ya 16. Lakini wazee wetu hawakuiona kuwa ngeni kabisa, maana walikuwa na njugu mawe, ambazo nazo huzaa chini ya ardhi. Ua la karanga ni la manjano. Likiisha kunyauka, kikonyo chake huinama na kuingia udongoni, na huko ndiko mbegu hufanyika. Kwa hiyo karanga hutaka udongo mwepesi wa kichanga.

Faida zake ni nyingi. Huchemshwa, hukaangwa, hutwangwa zikaungiwa kisamvu. Hukamuliwa mafuta, na mashudu yake hulisha wanyama. Tena mizizi yake huutia udongo nguvu, hata mahindi yanayofuata hustawi.

Mafuta hayo ndiyo yaliyowavuta Waingereza, kwa kuwa baada ya vita vya 1939–1945 mafuta ya kula yalipungua kwao. Mwaka 1946 walituma wajumbe watatu, mkuu wao John Wakefield, nao kwa majuma tisa tu wakazitazama nchi, kwa sehemu kubwa kutoka katika ndege. Mwaka 1947 kazi ikaanza, kwa kusudi la kufyeka eka zaidi ya milioni 3, nyingi zake katika Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yakaja, na hata vifaru vya vita vikageuzwa kuwa matrekta. Reli ikajengwa kutoka pwani mpaka Nachingwea, na bandari kubwa Mtwara.

Lakini visiki na mizizi vilivunja mashine. Kongwa mvua zilikuwa haba, na udongo wakati wa kiangazi ukawa mgumu kama tofali. Kwetu Nachingwea mvua zilikuwa bora, ila kufyeka msitu kulikula fedha nyingi mno. Januari 1951 mpango ule ukaachwa, na hasara ikahesabiwa kuwa paundi milioni 36. Mwaka 1962 reli nayo ikafungwa.

Je, kosa lilikuwa la karanga? La, hasha. Bwana wetu alitufundisha habari za mtu atakaye kujenga mnara, ya kuwa yampasa kuketi kwanza ahesabu gharama. Wakubwa wale walihesabu fedha, wasihesabu mvua na udongo, wala wasiwaulize vya kutosha Wagogo walioijua nchi yao.

Iko njia nyingine. Huko Naliendele, karibu na Mtwara, wataalamu huijaribu mbegu kwanza katika vishamba vidogo, mwaka baada ya mwaka. Ndivyo ilivyopatikana mbegu iitwayo Pendo, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1998.

Nasi tuletewapo mbegu mpya, tusiidharau, wala tusiipande shamba zima mara moja. Tuijaribu kwanza katika tuta moja. Tupande mapema mvua zianzapo, tena kwa kukaribiana, ili vidukari visieneze ugonjwa wa kudumaza majani. Na tukiisha kuvuna tuanike vema, kwa kuwa karanga zenye ukungu huwa na sumukuvu, wala kukaanga hakuiondoi yote. Zilizooza tusiwape watoto, hata ikiwa ni mwaka wa njaa.