Meza kuukuu na bei yake: habari za uwanja wa Jeu de Balle, Brussels

Historia ya uchumi inayofundishwa katika vyuo vyetu imejaa shaba, mpira, pamba na mawese. Kabati, kitanda na meza vimesahauliwa, ingawa ni vigumu kupata mshahara wa mwalimu au wa karani ambao sehemu yake haikuishia mikononi mwa seremala au mwuza samani. Makala haya yataangalia jambo moja dogo la historia hiyo, yaani namna watu wa kipato kidogo walivyopata kununua vyombo vya nyumbani kwa bei iliyopunguzwa, kwanza katika masoko ya vitu vilivyokwisha kutumika, kisha katika maghala makubwa. Swali letu ni jepesi kulitamka. Meza iliyouzwa mia inapokuja kuuzwa ishirini, zile themanini zimebebwa na nani?

Tumechagua mji wa Brussels kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba soko lake la vitu kuukuu lina historia inayojulikana vizuri. Ya pili ni kwamba kati ya samani za mji ule na nchi yetu kuna uhusiano, kama tutakavyoona, tena uhusiano ulio ndani ya mbao zenyewe.

Mtaa wa Marolles uko chini ya kilima ambacho juu yake limesimama Jumba la Sheria. Katikati ya mtaa huo upo uwanja uitwao Jeu de Balle, jina litokanalo na mchezo wa kupiga mpira kwa kiganja. Uwanja ulifunguliwa katika miaka ya 1850, mahali palipokuwa na kiwanda cha Renard, kilichotengeneza vichwa vya garimoshi. Soko lilihamia hapo mwaka 1873. Kabla ya hapo wauzaji wa vitu kuukuu walikuwa karibu na mto Senne, kwenye uwanja ambao leo unaitwa Anneessens. Lakini kati ya 1867 na 1871 wakuu wa mji waliufunika mto ule, wakajenga juu yake barabara pana zenye nyumba za fahari kwa mfano wa Paris. Magodoro na viti vilivyovunjika havikupendeza macho pembeni ya barabara zile mpya. Wauzaji wakaambiwa wahame, nao wakaenda kwa maskini wenzao wa Marolles.

Na hao maskini wenzao nao walikuwa katika misukosuko. Tangu 1866 msanifu Joseph Poelaert alikuwa akijenga Jumba la Sheria, kazi iliyokwisha mwaka 1883, wakati yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kufa. Nyumba nyingi za Marolles zilibomolewa kwa ajili ya jengo hilo. Wenyeji hawakulisahau jambo lile: katika lugha ya mtaa neno «msanifu» likageuka kuwa tusi, na bado linakumbukwa hivyo. Mwanaisimu angeweza kuandika ukurasa mzima juu ya tusi hilo; sisi tuseme tu kwamba ni mara chache cheo cha heshima kushuka hivyo kwa sababu ya jengo moja.

Jambo kama hilo lilitokea Paris katika miaka iyo hiyo. Mwezi wa Novemba 1883 mkuu wa mkoa wa Seine, Eugène Poubelle, alitoa amri kwamba kila nyumba iwe na chombo chenye kifuniko cha kutilia takataka. Jina lake limebaki katika Kifaransa kama jina la chombo chenyewe, na kila mwanafunzi wetu amelitamka pasipo kujua kwamba anamtaja mtu. Amri hiyo iliwapiga waokotaji waliokuwa wakichambua taka usiku barabarani na kuuza walichopata. Wengi walikuwa wamekwisha kusukumwa nje ya kuta za mji, na huko, upande wa Saint-Ouen, wakatandaza bidhaa zao chini. Watu wa mjini wakatoka Jumapili kwenda kutafuta kiti au kioo cha bei ndogo. Ndilo soko la viroboto, jina lililopewa kwa wadudu waliodhaniwa kukaa ndani ya vitambaa vya viti vile. Mwaka 1920 soko la Vernaison lilifunguliwa hapo likiwa na vibanda vya kupangisha, na mwaka 1925 likafuata la Biron. Tangu hapo mwokotaji wa kwanza hakuwa tena na nafasi: ardhi ilikuwa na mwenyewe, kibanda kilikuwa na kodi, na kiti cha kiroboto kilikuwa kimepata cheo cha kitu cha kale.

Turudi Brussels, maana uwanja wa Jeu de Balle haukufuata njia ile. Soko lake bado hufanyika kila siku asubuhi, na sehemu kubwa ya bidhaa hulala juu ya mawe ya uwanja. Hazina hasa ya soko hili ni vifo. Mzee akifa, warithi hugawana nyumba na fedha kwa usawa, kama Sheria ya Raia iliyotoka kwa Napoléon mwaka 1804 ilivyozoesha watu; lakini kabati zito la mwaloni haligawanyiki, wala haliingii katika nyumba ndogo za ghorofani za siku hizi. Basi huitwa mtu ambaye kazi yake ni kumaliza nyumba. Huyo huchukua vyote kwa pamoja, vyenye thamani na visivyo na thamani, pengine kwa kulipa kidogo, pengine kwa kulipwa yeye, kwa sababu anawaondolea warithi mzigo. Hapo bei inaanguka kabla mnunuzi hajafika. Punguzo la kwanza limetolewa na warithi, ambao hawataki kuliona tena kabati la mama yao.

Alfajiri wafanyabiashara hufika na tochi kabla magari hayajashusha mizigo yote. Huchagua walichokusudia, hulipa na kuondoka. Mchana hukaribia na bei hushuka, kwa sababu muuzaji anajua kwamba kurudisha kabati garini ni gharama. Soko likifungwa, vitu visivyonunuliwa huachwa chini, na watu wengine kabisa, wale wasio na fedha hata ya mwisho wa soko, huja kuokota kabla wafagiaji wa manispaa hawajapita. Kwa hiyo kitu kimoja kinaweza kuwa na bei nne katika asubuhi moja, na ya nne ni bure.

Ila kipo pia kipandacho. Kutoka Jeu de Balle, kwa kufuata barabara ya Blaes au ile ya Haute, mtu atafika uwanja wa Sablon kwa mwendo mfupi wa miguu, akipita maduka ya vitu vya kale pande zote. Sablon ni uwanja wa matajiri, na pembeni yake wamekaa wauzaji wa sanaa za Afrika. Kile ambacho asubuhi kilikuwa juu ya mawe huweza kuonekana huko kikiwa ndani ya kioo, chini ya taa. Katika mizigo ya nyumba za Wabelgiji waliopata kuishi Kongo hutoka masanduku ya bati, viti vya kukunjwa, albamu za picha za askari na mapadre, na vinyago. Aliyefunga sanduku lile amekufa, mjukuu hajui kilichomo, na mfanyabiashara wa alfajiri anajua. Tofauti ya bei kati ya viwanja viwili ni malipo ya maarifa hayo. Waliochonga hawamo katika hesabu.

Na mbao? Mwaka 1897 mfalme Leopold II alifanya maonyesho ya Kongo huko Tervuren. Wakongo 267 walipelekwa kuonyeshwa, na saba kati yao walifia huko. Ndani ya jumba la maonyesho walifanya kazi wasanifu bora wa wakati ule: Paul Hankar, Henry van de Velde, Georges Hobé na Gustave Serrurier-Bovy wa Liège. Hobé alijenga viunzi vikubwa vilivyopindapinda kwa mti wa bilinga, uliotoka katika misitu yetu. Mtindo ule mpya wa samani, ambao Ulaya nzima ilikuja kuusifu, ulikua kwa sehemu moja juu ya mbao ambazo Dola huru ya Kongo ilizipata kwa namna ijulikanayo.

Serrurier-Bovy anastahili tusimame kwake kidogo, maana yeye alijaribu kulijibu swali letu kwa njia nyingine. Mwaka 1905, katika maonyesho ya dunia ya Liège, alionyesha nyumba ya mfanyakazi pamoja na samani zake. Miaka ile alitengeneza samani alizoziita Silex, za mbao nyepesi, zisizo na nakshi, zilizouzwa vipande vipande ili mnunuzi aziunge mwenyewe nyumbani. Kwa maneno mengine, alipunguza bei kwa kumwondoa seremala wa mwisho na kuweka mahali pake mnunuzi. Wazo lilikuwa sahihi, lakini biashara yake haikulishika: alikufa mwaka 1910, na samani zile zilizokusudiwa wafanyakazi leo hutafutwa na wakusanyaji wenye fedha nyingi.

Wazo lile lilifanikiwa Sweden nusu karne baadaye. Ingvar Kamprad alianzisha IKEA mwaka 1943, akiwa na miaka 17, na mwaka 1953 alifungua katika mji mdogo wa Älmhult jumba la kuonyeshea samani. Wauzaji wenzake walichukia bei zake, wakawashurutisha watengenezaji wasimpe bidhaa. Naye tangu 1961 akageukia viwanda vya Poland. Mwaka 1965 lilifunguliwa duka kubwa la Kungens Kurva, karibu na Stockholm. Maelfu ya watu walifika, wahudumu wakashindwa kuwahudumia, na milango ya ghala ikafunguliwa ili kila mtu akajichukulie mzigo wake. Duka liliungua mwaka 1970, na lilipofunguliwa tena mwaka uliofuata, ghala la kujihudumia lilikuwa sehemu rasmi ya biashara. Tangu hapo mnunuzi ni mchukuzi, ni dereva, ni fundi, tena halipwi kitu kwa kazi hizo tatu. Wengi wamekubali, na hatuoni kwamba wamepumbazwa. Kijana apangaye chumba chake cha kwanza ana nguvu nyingi kuliko fedha, na biashara hii ilizipokea nguvu zake kama malipo.

Lakini sehemu nyingine ya bei ilibebwa na watu ambao hawakuulizwa. Mwezi wa Novemba 2012 IKEA ilikiri, baada ya uchunguzi iliouagiza yenyewe, kwamba baadhi ya samani zake zilitengenezwa na wafungwa, wakiwamo wafungwa wa kisiasa, katika iliyokuwa Ujerumani ya Mashariki. Mwaka 2024 tawi lake la Ujerumani lilikubali kutoa euro milioni 6 kwa mfuko wa kuwasaidia waliodhulumiwa na utawala ule. Msomaji wa Kinshasa au wa Lubumbashi anayekumbuka uporaji wa 1991, au ule wa Kinshasa wa 1993, hahitaji maelezo marefu hapa. Alipata kuona viti na friji vikipita barabarani juu ya vichwa vya watu, naye anajua kwamba bei ndogo huwa na nyumba ilikotoka.

Soko la Jeu de Balle lenyewe liliponea chupuchupu. Mwaka 1969 wenyeji wa Marolles, pamoja na padre Jacques Van der Biest, walipinga mpango wa kupanua Jumba la Sheria juu ya nyumba zao, nao walishinda. Mwishoni mwa 2014 wakuu wa mji walitangaza kwamba wangechimba maegesho ya magari chini ya uwanja. Maelfu ya watu walitia sahihi za kupinga, na mapema 2015 mpango uliachwa. Kati yao walikuwamo watu wasiopata kununua kijiko hapo, walioujua uwanja kwa kitabu cha Hergé cha 1943 tu, ambamo Tintin anauona mfano wa merikebu katika soko hilo. Ndiye kijana yule yule ambaye sisi tunamkumbuka kwa kitabu kingine kisichopendeza.

Mwaka 2024 IKEA nayo ilianza Madrid na Oslo jaribio la kuwawezesha watu kuuziana kwa intaneti samani zake zilizokwisha kutumika. Katika uwanja wa Jeu de Balle samani za namna hiyo hupata shida. Kabati la mwaloni huvunjwa na kuungwa mara nyingi bila kudhurika, kwa sababu lilitengenezwa kwa ulimi na tundu. Ubao wa unga wa miti ulioshikwa kwa gundi, parafujo ikitolewa mara mbili, tundu lake hupanuka na haiishiki tena. Mara nyingi saa ya kufunga soko hukuta mbao hizo zimeegemezwa mtini, hata waokotaji wamezipita, zikiwangoja wafagiaji.