Daftari la Ardhi Lililo Wazi kwa Wote

Somo letu la leo ni juu ya madaftari ya ardhi, tena ya Marekani.

Mwaka 1640 walowezi wa Kiingereza wa Massachusetts walitunga sheria kwamba anayeuza nyumba au shamba sharti hati yake iandikwe katika daftari la serikali. Kwa nini? Kwa sababu ya ulaghai. Mtu aliweza kumwuzia Yohana shamba asubuhi, na jioni akamwuzia Petro lile lile. Daftari likiwa wazi, Petro atalitazama kwanza, asije akapoteza fedha zake bure. (Ardhi yenyewe ilikuwa ya wenyeji wa nchi ile, lakini hayo ni ya siku nyingine.)

Utaratibu huo ulienea Marekani. Kutazama hati ya jirani hakukukatazwa. Lakini hebu fikiri: ufunge safari mpaka mahakamani, umngoje karani, upekue kurasa kwa mkono. Nani angejisumbua hivyo pasipo haja? Sheria haikumficha mtu. Iliyomficha ni taabu ya kumtafuta.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wilaya nyingi zilikuwa zikipiga picha hati hizo na kuziweka katika intaneti. Mnunuzi alipata nafuu kubwa. Ila katika hati nyingi mlikuwa na sahihi za watu, na pengine namba ya hifadhi ya jamii wanayopewa Wamarekani. Mwizi akiipata namba hiyo pamoja na jina lako, aweza kukopa benki kana kwamba ni wewe, nawe ndiwe utakayedaiwa.

Huko Virginia, Bibi Betty Ostergren alilipinga jambo hilo. Kisha akafanya la ajabu: alizichukua hati za wabunge na makarani wa mahakama, akazitangaza katika ukurasa wake wa intaneti, namba zao zikiwamo. Hapo wakubwa wakashtuka! Mwaka 2008 sheria ya Virginia ikabadilishwa kwa namna iliyomzuia yeye, na huku ofisi za serikali zenyewe bado zilikuwa zikiwaonyesha watu hati zenye namba. Bibi Ostergren akashtaki. Mwaka 2010 mahakama ya rufani ikampa haki: serikali haiwezi kumnyamazisha mtu kwa habari ambazo yenyewe haijazifuta katika madaftari yake.

Swali la kuzungumza katika kikundi chenu: hati ya kiwanja chako, ni nani aruhusiwe kuisoma, na je, ajulikane jina?