Nani kaachwa kituoni?

Najua UE imewabana, ila hili naomba mlisome.

Kuna dada mmoja hapa Mlimani anasoma PhD. Utafiti wake ni jinsi Dar ilivyopangwa na jinsi usafiri wa watu wake ulivyobadilika. Anakaa vituoni na daftari, anaandika nani kapanda na nani kaachwa. Nikamuuliza, sasa historia ya nini wakati magari unayaona hapo? Akaniambia niwaangalie walioachwa, halafu niulize ilianza lini. Nimeuliza, na haya ndiyo niliyokuta.

Wakoloni waliugawa mji kwa rangi. Uzunguni karibu na bahari, Uhindini katikati, Waafrika Kariakoo, na Mnazi Mmoja ikaachwa wazi kama mpaka. Hata kuwepo mjini kulikuwa na masharti: sheria ya 1944 iliwapa wakubwa nguvu ya kumrudisha kijijini Mwafrika wasiyemtaka.

Uhuru ukaja, mji ukatanuka. Chuo chetu kilianza 1961 Mtaa wa Lumumba, Kariakoo hiyo hapo kwa miguu. 1964 kikahamia huku kilimani, na tangu hapo kwenda mjini ni habari ya basi. 1974 ikaundwa UDA. Halafu mafuta yakapanda bei, ikaja vita ya Kagera 1978 na 1979, fedha za kigeni za kununulia spea hakuna, mabasi yakalala gereji. Watu wakajibana kwenye magari yaliyoitwa chai maharage. 1983 serikali ikaruhusu mabasi ya watu binafsi, nauli shilingi 5, sarafu ambayo mtaani iliitwa dala. Ndiyo daladala hizo.

Sasa walimu watarajiwa wenzangu, hapa ndipo panapotuhusu. Dereva na konda wengi hawana mshahara. Kila siku wanampelekea tajiri hesabu yake, mafuta juu yao, kinachobaki ndiyo chao. Mwanafunzi analipa nauli pungufu lakini nafasi anachukua ile ile. Konda akiona sare anaziba mlango. Tunasema ana roho mbaya, kumbe anapiga hesabu.

Mei 2016 mwendokasi ukaanza, Kimara hadi Kivukoni, na daladala zikaondolewa njia hiyo. Hatua nzuri. Ila mtoto wa Gongo la Mboto au Mbagala mwaka ule aliendelea kugombania mlango kama kaka zake.

Nilipokwenda mazoezi ya kufundisha (shule jina kapuni), waliochelewa walipigishwa magoti getini kila asubuhi. Nikawauliza wachache, wengi wanatoka mbali na wameachwa na magari mawili matatu. Kwenye daftari la zamu wanaandikwa wachelewaji, basi. Mtoto anaadhibiwa kwa makubaliano ya tajiri na konda ambayo yeye hayajui.

Sisemi nidhamu ife. Nasema mwalimu ajue mwanafunzi wake anapanda gari wapi kabla hajashika fimbo, na shule zipeleke majina ya vituo sugu kwa wanaopanga njia za mabasi. Yule dada anaandika walioachwa kwa ajili ya tasnifu. Sisi tunaokwenda kuita majina darasani kila asubuhi tutashindwaje?

Mliosomea Dar, semeni: kituo gani kiliwatesa?