Kumi Bora: historia ya kupima na kutuza wanafunzi wa sekondari Tanzania

Januari 29, 2023, Kaimu Katibu Mtendaji wa Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), Athumani Amasi, alitangaza matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022. Waandishi walisubiri orodha za shule kumi bora na wanafunzi kumi bora, hawakuzipata. Amasi alieleza kwamba utaratibu huo hauna tija, kwamba si haki kuwashindanisha watoto waliosoma katika mazingira tofauti, na kwamba orodha hizo zilikuwa zikizifanyia shule matangazo ya bure.

Uamuzi huo uligawa watu. Wenye shule binafsi waliona jasho lao limefunikwa. Wazazi waliuliza watachaguaje shule. Walimu wengi wa shule za kata walishusha pumzi. Nami naona kila upande ulikuwa na hoja, kwa sababu Kumi Bora ilizaliwa na historia ndefu ya nchi inayotafuta namna ya kudai taaluma ya juu na kumpongeza anayeifikia, bila kumkanyaga aliyeanzia mbali.

Enzi za Mwingereza swali hilo halikuwepo, kwa kuwa nafasi yenyewe ndiyo iliyokuwa tuzo. Shule ya Tabora ilifunguliwa mwaka 1925 ikiwalenga watoto wa machifu. Julius Nyerere alifika hapo mwaka 1937 akitokea Mwisenge, Musoma, na mwaka 1943 akaenda Makerere. Kijana aliyevuka ngazi hizo hakuhitaji kutangazwa na mtu, maana wenzake waliobaki nyuma walikuwa karibu kizazi kizima. Mitihani ilitungwa Cambridge na kusahihishwa huko. Kuanzia mwaka 1968 ikasimamiwa na Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, Tanzania ikajitoa mwaka 1971, na Sheria Namba 21 ya mwaka 1973 ikaanzisha NECTA.

Mwaka mmoja tu baadaye, Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma ikahoji msingi wenyewe wa mitihani. Je, karatasi ya saa tatu inaweza kueleza yote kuhusu kijana? Jibu la Azimio la Musoma lilikuwa hapana. Kazi za darasani za miaka yote, tabia, na bidii katika shughuli za mikono viingie katika hesabu. Wahitimu wa kidato cha sita wakafanye kazi kwanza, kisha ndipo waombe chuo kikuu, wakiwa na barua za kuwathibitisha. Nalitetea azimio hilo hadi leo kwa sehemu moja: lilimtambua mwanafunzi kwa safari yake nzima. Lilikwama kwa sababu alama za mwalimu wa shule moja hazikuweza kulinganishwa na za mwenzake wa shule nyingine, na barua ya tabia njema ni rahisi kuombwa kwa anayefahamiana na mwandishi wake.

Serikali ilikuwa pia na njia nyingine ya kuwaenzi wenye uwezo, yaani shule za vipaji maalum. Waliofanya vizuri zaidi darasa la saba walipelekwa Ilboru, Mzumbe, Kibaha, Tabora Wavulana, Tabora Wasichana, Kilakala na Msalato. Mtoto wa mkulima kutoka kijiji kisicho na barabara alikaa dawati moja na mtoto wa ofisa, wote wakifundishwa na walimu wazuri kwa gharama ya umma. Seminari za Kanisa Katoliki zilifanya kitu kama hicho kwa upande wao. Baadaye zikaja shule binafsi zenye nidhamu na fedha: Marian Girls ya Bagamoyo, St. Francis Girls ya Mbeya, Feza Boys ya Dar es Salaam. Majina hayo ndiyo yaliyotawala Kumi Bora ilipokuwa habari ya ukurasa wa kwanza, na picha ya aliyeongoza kitaifa, akiwa amebebwa juujuu na ndugu zake, ikawa sehemu ya kalenda yetu.

Wakati huohuo nchi ilikuwa inajenga. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulianza mwaka 2004, na shule za kata zikachipuka kila kona. Mwaka 2005 zilikuwapo sekondari zipatazo 1,700, na kufikia mwaka 2010 zilizidi 4,200. Hakuna kizazi cha Watanzania kilichopata nafasi kama hiyo, na wanaozibeza shule za kata wasisahau kwamba bila hizo mamilioni wasingevuka darasa la saba. Lakini majengo yalitangulia walimu. Zipo shule zilizofunguliwa bila mwalimu hata mmoja wa fizikia, bila maabara, bila vitabu. Kisha, mwaka 2008, mtihani wa kidato cha pili ukaondolewa makali yake: aliyefeli aliendelea kidato cha tatu kama aliyefaulu. Nia ilikuwa njema, kupunguza watoto wanaoachwa njiani. Kilichopotea ni kituo ambacho mwanafunzi, mzazi na mwalimu wa taaluma walilazimika kusimama na kuulizana: huyu anajua nini hasa?

Deni hilo lilidaiwa Februari 18, 2013. Waziri wa Elimu, Dk. Shukuru Kawambwa, alitangaza matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, na zaidi ya watahiniwa 240,000, sawa na asilimia 60 hivi, walikuwa wamepata divisheni sifuri. Hao ndio walioingia kidato cha kwanza mwaka 2009, wakapita kidato cha pili bila mchujo. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume ya kuchunguza chini ya Profesa Sifuni Mchome. Mwezi Mei serikali iliyafuta matokeo na kuagiza alama zipangwe upya, ikieleza kwamba NECTA ilikuwa imetumia mpangilio mpya wa madaraja tofauti na wa miaka iliyotangulia. Ufaulu ukapanda hadi asilimia 43. Watoto walibaki na maarifa yaleyale, kilichosogea ni mstari.

Hapo ndipo naona kosa letu kubwa katika historia hii yote. Tulipobanwa, tuligusa kipimo. Mwishoni mwa mwaka 2013 madaraja yalipangwa upya, yakaongezwa B+ na E. Mwaka uliofuata divisheni zikaachwa, tukahamia wastani wa pointi wenye majina kama Distinction na Merit, ambayo wazazi wengi hawakuyaelewa. Januari 2016 Waziri mpya wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, ambaye ndiye aliyeongoza NECTA wakati wa matokeo yale ya 2012, akaamuru divisheni zirudi. Wanafunzi wakapumua: “wani ya saba”, yaani divisheni ya kwanza yenye pointi saba, ikawa na maana tena. Ndani ya miaka minne tulikuwa tumebadili namna ya kutamka mafanikio zaidi ya mara moja.

Katikati ya mabadiliko hayo ulikuja mpango wa Matokeo Makubwa Sasa wa mwaka 2013, uliozipanga shule za msingi na za sekondari kwa ufaulu na kuahidi zawadi kwa zilizofanya vizuri na zilizopiga hatua. Watafiti Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin walichunguza upangaji huo katika shule za msingi. Waligundua kwamba shule zilizokuwa mkiani katika wilaya ziliinua ufaulu wao. Waligundua pia kwamba shule hizohizo zilipunguza idadi ya wanafunzi waliofika kwenye mtihani. Walimu walijituma, na papo hapo waliokuwa dhaifu wakawekwa kando.

Katika sekondari nako tuliyaona hayo waziwazi. Baadhi ya shule binafsi ziliweka wastani wake wenyewe, na asiyeufikia akarudishwa darasa, akahamishwa au akasajiliwa kufanyia mtihani kituo kingine, jina la shule libaki safi. Wizara imewahi kulipiga marufuku jambo hilo. Shule iliyoanza na wanafunzi mia ikamaliza na sitini, wote divisheni ya kwanza, ilipigiwa makofi kitaifa. Wale arobaini hakuna aliyewauliza. Huo si ukali wa taaluma. Taaluma ya kweli inamdai mtoto mengi, kisha inakaa naye usiku hadi ayafikie.

Na inawezekana, bila ada ya mamilioni. Mwaka 2016 matokeo ya kidato cha sita yaliongozwa na Kisimiri, shule ya serikali iliyo kwenye miteremko ya Mlima Meru mkoani Arusha, mbele ya Feza Boys. Haikuwa mara pekee Kisimiri kuonekana kwenye orodha hiyo. Bila Kumi Bora, Watanzania wengi wasingelijua jina hilo, na hapa nakubaliana na wanaolalamika: pongezi za hadharani zilikuwa na kazi yake, hasa kwa shule isiyo na bajeti ya matangazo.

Katika mwaka wa masomo wa 2022/23, uleule Kumi Bora ilipoondolewa, serikali ilianza kutoa Samia Scholarship kwa waliong'ara katika masomo ya sayansi kidato cha sita, ikitenga shilingi bilioni 3. Ni hatua nzuri: mwanafunzi anapata ada, si picha tu. Ila inamfikia aliyekwisha kufika kileleni.

Aliyetoka alama 20 za hisabati kidato cha pili akafika 55 kidato cha nne, katika shule yenye mwalimu mmoja wa somo hilo, bado hana anayemtangaza. Wala mwalimu wake hana. Takwimu zipo. NECTA ndiyo inayoendesha upimaji wa kidato cha pili na mtihani wa kidato cha nne, kwa hiyo inaweza kuonyesha kila shule ilipokea wanafunzi wa kiwango gani, ikawafikisha wapi, na wangapi hawakuonekana mwishoni. Itoe hesabu hiyo kila mwaka. Nanyi wazazi, mnapozunguka kutafuta shule, msiridhike na idadi ya divisheni wani kwenye bango la getini. Ulizeni walioanza kidato cha kwanza walikuwa wangapi, na wako wapi.